Alteneta ya Pili kwenye Ndege ya Mbao

Kaka yangu Hamisi,

Watu wakisikia nilikuwa na kaka aliyejenga ndege kwa mikono yake pale Bunda, na kwamba kaka huyo sasa ni marehemu, swali lao ni moja: ilianguka wapi? Wanauliza kwa sauti ya chini, ya kunipa pole. Siwajibu upesi. Nawaambia wakae, chai ipo, maana habari ya ndege yetu haianzi na kuanguka, inaanza na kukosa sabuni. Leo nimeamua kukuandikia wewe mwenyewe. Nimeisimulia kwa wengi, na bado kuna mahali nikifika naweka kikombe chini, na ni wewe peke yako unayejua ni mahali gani.

Miaka ile unaikumbuka. Sabuni foleni, sukari foleni, betri za redio mpaka umjue mtu. Kwenye karakana aliyotuachia baba malori ya pamba yalikuwa yamesimama uani mpaka majani yanaota kwenye matairi, si kwa sababu yameharibika sana, ila kwa kukosa kidude kimoja. Tulikuwa tunang'oa waya kwenye lori lililokufa tunautia kwenye lori linaloumwa. Wewe injini, mimi umeme, kama baba alivyotugawia tangu wadogo. Wateja wakimkuta mwanamke amelala chini ya dashibodi walikuwa wanaulizia fundi mwenyewe yuko wapi, na wewe ulikuwa unawajibu kwamba fundi mwenyewe ndiye huyo na ana hasira, kwa hiyo waongee naye taratibu.

Katikati ya ukame huo ndipo ulipokuja na habari ya ndege. Yule daktari mzungu wa misheni, uliyekuwa unamtunzia kindege chake na ambaye kwa kupenda kazi yako akakufundisha kukirusha, alikuwa anarudi kwao. Alikuwa ameanza kuunda ndege nyingine, ya mbao, ya viti viwili bega kwa bega, akaishia kwenye mifupa. Mifupa hiyo na michoro yake akakuachia wewe. Uliileta Bunda juu ya lori, umeifunga kamba kila upande, umekaa juu yake unacheka peke yako. Mama alitoka jikoni, akaizunguka, akauliza kama ni banda la kuku. Ukamwambia hii itaruka. Mama akasema hata kuku anaruka, akarudi kwenye sufuria yake.

Ilikaa ghalani nyuma ya karakana muda mrefu, tukiijenga kwa vipande. Mwezi huu tunapata misumari midogo, mwezi wa pili hatupati kitu. Kuna kipindi ulipiga mbavu za bawa moja msasa mpaka nikakuonya kwamba utabaki na njiti za kiberiti. Nilikuwa nakutania, lakini wateja wakishaondoka nami nilikuwa naingia mle ghalani, nakaa kwenye kile kiti kisicho na mto, nashika usukani. Hilo sikuwahi kukuambia ulipokuwa hai, kwa sababu ungelitangaza soko zima.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagika sokoni, na kutoka mpakani Sirari vikaanza kushuka vitu ambavyo tulikuwa tumeshasahau hata majina yake. Fyuzi za kila saizi. Gundi ya kweli. Waya mpya, Kaka, waya wenye rangi, mwekundu ukiwa mwekundu na mweusi ukiwa mweusi, si ule wa kwetu uliokuwa wote rangi ya masizi. Siku uliponiletea waya huo wa kwanza niliunusa kama mkate. Wewe ulikuwa umepata injini ya foksi, lile gari la mgongo wa kobe, umeifungua yote ukaifunga upya, na siku ilipowaka ikiwa kwenye pua ya ndege, propela ikapeperusha nguo zote za mama kwenye kamba mpaka kwa jirani, tulikimbilia zile nguo huku tunapiga kelele kama vichaa. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyoamini.

Nilipoamini ndipo nilipoogopa, na nilipoogopa ndipo tulipogombana.

Maana mimi ndiye niliyekuwa nimelala chini ya ile dashibodi. Nilijua kilichomo. Plagi za ile injini zinapata moto kutoka kwenye koili, koili inakula umeme wa betri, na betri inalishwa na alteneta, inayozungushwa na injini kwa mkanda. Betri yenyewe tuliweka ya pikipiki kwa sababu ya uzito. Alteneta ikifa ukiwa angani, betri ile ingekupa muda wa kuchemsha chai, basi. Baada ya hapo injini nzima, yenye mafuta tele, ingekaa kimya. Nikakuambia ndege hii haitoki bila alteneta ya pili. Ukasema uzito. Nikakuambia uzito upunguze wewe, acha kurudia ugali. Ukasema michoro haina kitu kama hicho. Nikasema michoro ilichorwa na watu wenye duka la vipuri kila kona. Tulinuniana kuanzia siku ya soko mpaka siku ya soko, mama akawa anatuwekea chakula sahani mbalimbali kama wake wenza.

Uliyevunja ukimya ni wewe. Uliingia ukiwa na vumbi la barabara, ukasema, kana kwamba hatujawahi kugombana, kuna mzee kule Butiama ana gari dogo la Kijapani lililogonga ng'ombe, na alteneta yake ni ndogo kama papai. Nilitupa bisibisi chini nikaenda kuvaa viatu.

Mzee Wambura alitupokea vizuri na akakataa kuuza. Gari lilikuwa bati tupu, kuku wanalala ndani, lakini hakuuza hata nati. Alichotaka ni mashine yake ya kusaga iwake. Wanawake walikuwa wamekaa uani pale na mahindi yao toka asubuhi, wengine wamekata tamaa wanarudi kwenye mawe. Nikaingia kwenye kile kibanda, unga umejaa mpaka kwenye nyusi, nikaifungua stata yake, nikakuta brashi zimeisha. Nikachonga nyingine kutoka kwenye kaboni ya betri kuukuu za redio, kama tulivyokuwa tunafanya miaka ya dhiki. Mashine ilipounguruma wale wanawake walipiga vigelegele, na mzee Wambura hakungoja tumuulize, alichukua spana akaenda kutimua kuku. Tulirudi Bunda nimeipakata alteneta mapajani. Ulikuwa unaitazama kwa pembeni kila tukipunguza mwendo, na nilijua kwamba umeshaipenda.

Ukaitengenezea breketi upande wa pili wa injini, na mkanda wake wenyewe. Mimi nikaipa njia yake yenyewe. Kanuni niliyojiwekea ilikuwa fupi: kitakachoiua ya kwanza kisiweze kuifikia ya pili. Kwa hiyo fyuzi yake peke yake, swichi yake peke yake katikati ya dashibodi ambapo mkono wa yeyote kati yetu unafika, waya wake wa kwenda kwenye betri bila kupita popote ulipopita ule wa alteneta kubwa. Ikiwa imezimwa inazunguka tu bure, haizalishi kitu, inasubiri. Na katauti yake, kile kiboksi kinachozuia umeme usizidi, nikaifunga kwa bolti mbili ubavuni mwa chumba cha injini, safi kabisa, kama baba alivyonifundisha. Nilirudi nyuma kuitazama kazi yangu nikaona nimefaulu.

Siku ya kuijaribu mzee Wambura alikuja kwa basi kushuhudia alteneta yake. Tulifunga mkia wa ndege kwenye lori bovu kwa mnyororo. Ukawasha. Ile kubwa ikafanya kazi, mshale wa mita ya umeme umetulia pale panapotakiwa. Ukaizima kubwa, nami nikapandisha swichi ya pili kwa kidole changu mwenyewe. Mshale ukainuka vizuri, nikaanza kutabasamu. Ukaendelea kuinuka. Ukapita pale pa kusimama, ukaenda ukagonga mwisho, taa ya dashibodi ikaangaza nyeupe kisha ikapasuka, na betri ikaanza kutoa mvuke wenye harufu ya mayai viza. Ulizima kila kitu.  Mzee Wambura akasema kwa upole sana kwamba kwenye gari lake haikuwahi kufanya hivyo.

Tukaitoa ile alteneta, tukaifunga kwenye pikapu ya mteja, pamoja na katauti yake. Ikachaji kama malaika. Tukairudisha kwenye ndege, na taa mpya ikapasuka. Nilibadilisha waya, nikabadilisha fyuzi, nikabadilisha swichi. Mzee Wambura sasa alikuwa amekaa kwenye tairi amekunja mikono, anaitetea alteneta kama mtoto aliyesingiziwa wizi. Na mimi, Kaka, nilikuwa karibu kulia, kwa sababu kifaa nilichokitia ili kikurudishe ndicho kingekuchoma.

 Wewe ulikuwa umeinama kwenye chumba cha injini unaitazama ile katauti. Kisha ukakunja kidole ukagonga pale ilipofungwa. Ko, ko. Ukagonga tena, ukanigeukia, na uso wako ulikuwa umeanza kufunguka.

"Bodi iko wapi?" ukaniuliza.

 Nikakaa chini palepale kwenye vumbi nikacheka mpaka machozi yakatoka. Maisha yetu yote, na maisha ya baba kabla yetu, fundi wa umeme wa magari anapeleka waya mmoja tu. Wa pili hauhitaji, bodi ya gari ni chuma, inarudisha umeme yenyewe. Wewe funga kidude kwa bolti basi, kimepata arthi. Hatukuwa tunafikiria hata, kama mtu asivyofikiria ardhi anapotembea. Na sasa nilikuwa nimeifunga katauti kwa bolti mbili nzuri kwenye ubao. Kwenye mbao, Kaka! Ilikuwa haina arthi, haioni umeme umefika wapi, inaiambia alteneta iongeze tu, iongeze tu. Ile kubwa haikutusumbua kwa sababu katauti yake ilikuwa imekaa juu ya injini, chuma kwa chuma, na taa zote daktari alikuwa amezichora na waya mbilimbili. Ya pili hakuichora mtu, tuliileta sisi na mazoea yetu ya malori.

Nikavuta waya mweusi mnene kutoka kwenye kitako cha katauti mpaka kwenye mguu hasi wa betri. Ukawasha. Mshale ukapanda, ukafika pale, ukakaa. Mzee Wambura aliinuka kwenye tairi lake akatushika mikono, mmoja mmoja, kwa heshima, kama ndiye aliyekuwa anasubiri kuombwa radhi.

Sasa nafika kwenye ile desturi ya baba. Wenye malori wote kuanzia Bunda mpaka Musoma waliijua: fundi aliyefunga waya za gari lazima apande kwenye safari yake ya kwanza, akae kushoto kwa dereva. Taa zikizima porini, zimzimie na yeye. Baba hakuwahi kuiruka hata siku aliyokuwa na homa. Basi ndege ikapelekwa kiwanja cha ndege cha Musoma, mabawa juu ya lori moja na kiwiliwili juu ya lingine, na watu wa njiani wametoka kuitazama kama inapita harusi. Mkaguzi wa ndege akaja kutoka Dar, akaikagua siku nzima, akakupa ruhusa ya kuruka mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, bila kwenda mbali na Musoma. Na wewe ulipokwisha kuruka peke yako juu ya kiwanja asubuhi kadhaa, mimi nikakuambia zamu yangu imefika. Ukajaribu kuniambia kwamba safari ya kwanza imeshapita. Nikasema kuzunguka juu ya kiwanja si safari, safari ni kutoka. Ulinijua. Ukaacha kubishana, ukasema basi tutakwenda mpaka Murangi kwa wajomba, tuwazungukie, turudi.

Mama ndiye aliyekuwa bado. Tulimwambia pamoja, tumekaa kwenye mkeka kama watoto waliovunja chungu. Aliendelea kuchambua dagaa kwa muda. Unajua mama alivyokuwa. Alikuja kwa baba akabadili dini, akabadili mji, lakini usemi wa kwao Murangi hakuuacha.

"Baba yenu alikuwaga anapanda, nimekubali," akasema. "Lori likizima linasimama. Hiyo yenu ikizima inasimamaga wapi?"

 Nikamwambia, mama, ndiyo maana nimeweka mbili.

"Hata mimi nilizaa wawili," akasema. "Mnapanda wote. Mimi mnaniachia nani?"

 Ni kweli alikuwa hana mwingine. Wewe ulikuwa hujaoa, mimi nilikuwa nimerudi nyumbani bila mtoto, na baba yuko makaburini. Ukinyanyua ndege ile na sisi wawili ndani, umenyanyua nyumba nzima. Nilidhani atatukataza, na angetukataza tungetii, unajua tungetii. Lakini asubuhi ya siku yenyewe alikuja Musoma kwa basi la kwanza, amevaa kanga zake za sikukuu, amebeba chapati. Akakaa kwenye kivuli cha kibanda cha kiwanja bila kutuangalia.

Kaka, ile kuruka! Nimesubiri ukurasa mzima kuifikia. Ule mtikisiko kwenye nyasi, meno yanagongana, kisha ghafla mtikisiko unaacha, na mimi natazama chini natafuta ni nini kimeharibika mpaka naona kivuli chetu kinatukimbia. Nilipiga yowe. Uliniuliza kama naogopa, nikakuambia nyamaza uendeshe. Musoma ikawa mabati madogo yanayometa. Mawe ya ufukweni, yale makubwa tuliyokuwa tunapanda utotoni tukija kwa shangazi, yalikuwa kama viazi vimemwagika. Tukapita Nyegina, watu wa misheni wametoka nje wameweka viganja kwenye nyusi. Ziwa upande wa kulia halina mwisho, na mitumbwi juu yake, na upepo unaingia kwenye ufa wa mlango niliokuambia uuzibe. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa ukubwa ule, na sioni aibu kusema.

Tulipofika Murangi wajomba walikuwa pwani, wengine wamepanda juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, wanapunga mashati. Ukazungukia majini ili uwapitie kwa mbele. Na hapo ndipo penyewe. Tulisikia kofi, pah, kwenye kifuniko cha injini, kitu cheusi kikapita kwenye kioo, na ile taa nyekundu niliyoifunga mimi ikawaka.

Mkanda wa alteneta kubwa ulikuwa umekatika.

Injini ilikuwa bado inaunguruma. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba kila kitu kilionekana kizima, wajomba bado wanapunga, na mimi nikiutazama mshale wa mita unashuka taratibu, najua ni nini kinaisha. Uliizima ile kubwa. Nikapandisha swichi ya pili. Mshale haukuinuka. Nilishusha nikapandisha tena. Hakuna. Nikazima redio, nikazima taa, nikazima kila kilichokuwa kinakula, na bado mshale umelala, na chini yetu ni maji tu. Akilini nikamwona mama amekaa kwenye kivuli chake na chapati zake.

Halafu nikausikia mlio wa injini. Niliusikia kwa masikio ya karakana, si ya abiria. Ulikuwa mdogo. Kwa mshtuko wa ile taa wewe ulikuwa umeurudisha mkono wa mafuta wa kwenye dashibodi nyuma karibu wote, tunateremka polepole, na ile alteneta ndogo kama papai haikuzaliwa kuchaji kwa mwendo wa kunong'ona. Lori lolote ukilipunguza hivyo taa zinafifia.

"Kanyaga!" nikakupigia kelele. "Kanyaga mafuta, Kaka!"

Na wewe ukakanyaga. Mguu wako wa kulia ulikwenda chini kwa nguvu zote kama kwenye lori, lakini hapo palikuwa na pedali ya usukani wa mkia, na ndege ikageuza pua upande kama ng'ombe aliyechomwa mkuki. Tulitazamana. Kisha ukakumbuka uko wapi, ukausukuma mkono wa mafuta mbele mpaka mwisho.

Mshale ukatikisika. Ukainuka unywele, ukasita. Ukainuka tena. Ukafika pale pake, ukakaa.

 Ulishika ufukwe usiuache, mimi nilikuwa nimeweka kidole kwenye ile swichi nimeikandamiza kama vile nikiachia itashuka yenyewe. Nyegina ikapita, mawe yakapita, kiwanja kikaja, nyasi zikatupokea kwa mtikisiko ule ule, na wewe ukazima injini. Ndipo tulipoanza kucheka. Tulicheka tukashindwa kushuka. Mama alikuja amebeba chapati zake, akasimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, akauliza tunacheka nini. Ukamwambia mdogo wangu amenifundisha kuendesha lori angani. Akatugusa nyuso, wewe kwanza kisha mimi, kwa kiganja kizima, kama mtu anayepima homa. Halafu akatuambia tule, zimepoa.

Ndege ile uliirusha tena mara nyingi, kwa mkanda bora na ufa wa mlango umezibwa, mpaka mbao zilipochoka ukaipumzisha mwenyewe kwa hiari yako. Uliondoka kitandani kwako, nyumbani kwako, kwa presha, mchana, nywele zako zikiwa nyeupe, watu wamekuzunguka. Nilikuwa nimekushika mguu. Nilikulilia sana na bado nakulilia. Nikipika dagaa nakulilia, na nikisikia gari linaloshindwa kuwaka nakulilia.

Lakini nataka nikuambie kilichonipata jana. Binti yako Rehema anaolewa Jumamosi. Mimi shangazi ndiye ninayemfunda, kwa hiyo uwe na huruma na huyo bwana harusi. Jana jioni nilitoka nje kutafuta hewa, nikawakuta wote uani kwako. Rehema na mikono yake ina hina anakatazwa kugusa kitu. Kaka zake wanabishana namna ya kufunga turubai, kila mmoja fundi. Wale wajukuu wako wanakimbizana chini ya meza wanapiga yowe, na yule mdogo kabisa, mwenye sikio lako, amelala kwenye mkeka katikati ya kelele zote. Mkeo anawagombeza wote kwa pamoja. Nikasimama pale mlangoni, Kaka, nimeshika fremu, nikaanza kuwahesabu mmoja mmoja.

Siku ile ulikuwa hujaoa. Hapakuwa na hata mmoja wao. Mshale ungelala dakika chache zaidi, uani pale pangekuwa na majani matupu.

Sisi tulijua tumepanda wawili, na mama naye alihesabu wawili. Kumbe Rehema alikuwemo. Kaka zake walikuwemo na ubishi wao, wajukuu walikuwemo, hata huyo mwenye sikio. Ndege ya viti viwili, Kaka, na ilikuwa imejaa.

Pumzika. Jumamosi nitamshika mkono mpaka mlangoni kwa niaba yetu wote wawili.

Mdogo wako wa pekee,
Shangazi yake Rehema